Mkate wa mayai: amua chumvi au sukari kabla hujapiga yai

Ukikuta mapishi ya mkate uliochovywa kwenye mayai na kukaangwa, angalia kwanza yametoka wapi. Jina huonyesha mkate huo huliwa na nini. French toast ya Marekani huliwa tamu, kwa siagi na shira. Eggy bread ya Uingereza mara nyingi hutiwa chumvi na kuliwa na sosi ya nyanya. Bombay toast ya India huweza kuwa na vitunguu na pilipili mbichi ndani ya yai lenyewe, na kwa chai ya asubuhi naipenda kuliko zote. Rabanada ya Ureno na Brazili ni ya Krismasi. Hong Kong hubandika slesi mbili kwa siagi ya karanga, kisha hukaanga kwenye mafuta mengi.

Lakini ujanja wa kuiga ni wa torrijas, za Hispania, zinazoliwa sana Kwaresima na Juma Kuu. Mkate, uliolala na kukatwa mnene, huloweshwa kwanza kwenye maziwa yaliyochemshwa na mdalasini na ganda la limau. Yai huja mwisho, kabla tu ya kuingia kikaangoni. Hivyo ndani hubaki laini na nje hushika rangi. Sukari inyunyize baada ya kuepua. Ukiichanganya nyingi kwenye yai, nje huungua kabla ya ndani kuiva. Mkate mpya, laini, usiuloweshe sana, utakatikia mkononi.