Fremu 25, shata 50: panga kamera kabla hujashuti

Kazi yangu ni kuediti. Chumba changu kiko Sinza, Dar es Salaam, juu ya duka la vifaa vya umeme, na wateja wangu wengi ni vijana wanaoshuti filamu fupi kwa kamera za kuazima. Mtu anakuja na diski, anavuta stuli, na kabla sijachomeka waya ananiambia, "Kaka, picha kali hiyo, 4K." Habari ya 4K huwa siiulizi. Nauliza umeshuti fremu ngapi kwa sekunde, yaani picha mojamoja zinazounda video. Hapo kimya kinaingia.

Mmoja alitoka Mbagala na filamu ya dakika kumi na nane. Alitumia kamera ya rafiki yake, simu yake mwenyewe na kinasa sauti cha kukodi. Kamera ilikuwa kwenye fremu 29.97. Simu ilikuwa inajiamulia. Kinasa sauti kilikuwa kwenye 44.1 kHz, yaani kinapima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Sehemu nzuri kuliko zote ilikuwa ya usiku kibandani kwa mama ntilie, chini ya taa moja ya tyubu, na ukutani nyuma ya yule mama kulikuwa na mistari ya kiza inapanda polepole, haikomi. Halafu kuna mazungumzo ya dakika kumi na mbili yaliyoshutiwa kwa simu bila kukata. Mwanzoni mdomo na sauti viko pamoja. Ukifika mwisho, mama ameshafumba mdomo na neno ndiyo kwanza linatoka. Ile kazi ilinila usiku tatu, na mistari ya ukutani haikuisha yote.

Tuanze na hiyo mistari. Umeme wetu ni wa Hz 50. Taa ya tyubu ya zamani, na nyingi za LED za bei chee, haziwaki mfululizo: zinapiga mara 100 kwa sekunde, haraka mno kwa jicho. Kamera inaona. Shata ni muda ambao kila fremu inapokea mwanga; ikiwa 1/50 ya sekunde, kila fremu inameza mapigo mawili kamili. Ikiwa 1/100, pigo moja kamili. Ikiwa 1/60, inameza pigo moja na theluthi mbili, kwa hiyo fremu hii inapata mwanga mwingi, ile pungufu, na kwa kuwa sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, inasoma picha mstari kwa mstari, tofauti hiyo inajichora kama pazia linalopanda. Ndiyo maana televisheni za nchi za Hz 50 zilijengwa juu ya fremu 25, mfumo tunaouita PAL, na Marekani na Japani wakakaa kwenye 30. Mwaka 1953 Wamarekani walipoingiza rangi, waliipunguza 30 kidogo ikawa 29.97 ili ishara ya rangi isigombane na ya sauti. Desimali hiyo ndiyo inayotusumbua mpaka leo, na ndiyo iliyozaa 23.976 kutoka kwenye 24 ya sinema.

Kwa hiyo, ukishuti Tanzania, Kenya au Uganda, weka fremu 25 na shata 1/50. Kwenye Canon na Sony nyingi hutaiona 25 mpaka uingie kwenye menyu ya mfumo wa video na kubadili NTSC, ule mfumo wa Marekani na Japani, kuwa PAL. Baadhi ya Sony zikibadilishwa zinadai kufomati kadi, basi hamisha kwanza vilivyomo. Na kama unanunua iliyotumika, washa menyu kabla hujatoa hela: Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani, nyingi zina lugha ya Kijapani tu, na muuzaji hatakuambia.

Umeshikwa na kamera isiyo na 25? Shuti 24 au 30, lakini shata iache 1/50 au 1/100. Taa itatulia. Watu wengi wanadhani ugonjwa uko kwenye fremu, kumbe uko kwenye shata.

Nje, saa saba mchana ufukweni Coco, 1/50 itaunguza picha. Usikimbilie 1/2000, mtu anayekimbia ataonekana anakatika-katika. Funga kichujio cha ND mbele ya lenzi, kile kioo cheusi. Ni miwani ya jua ya kamera, basi.

Mwendo wa polepole: fremu 50 zikilazwa kwenye taimlaini ya 25, ule mstari wa kupangia klipu kwenye programu ya kuediti, zinakupa nusu ya kasi, safi kabisa. Fremu 100, robo. Fremu 60 kwenye 25 zinakupa asilimia 41 na ushee, nayo inakubalika kama utaziacha ziwe polepole. Ubaya unakuja ukishuti filamu nzima kwenye 60 "kwa usalama" halafu ukataka mazungumzo yatoke kwa kasi ya kawaida: 60 haigawanyiki sawasawa kwa 25, mwendo utaruka.

Simu sasa, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Simu ikiona giza inapunguza fremu, ikiona mwanga inaongeza, yote ndani ya klipu moja. Klipu ya yule wa Mbagala niliifungua kwenye MediaInfo, programu ya bure, na pale kwenye aina ya kasi ya fremu pakaandikwa "Variable". Nilikuwa nimekilaumu kinasa sauti siku nzima, kumbe mchawi ni simu. Kwenye iPhone ingia Settings, kisha Camera, kisha Record Video, washa "Show PAL Formats", chagua 25, halafu zima "Auto FPS". Au weka programu ya Blackmagic Camera, ni ya bure, ipo ya iPhone na ya baadhi ya simu za Android, na inakuruhusu kufunga fremu 25 na shata 1/50 kama kamera ya maana. Kama umeshashuti tayari, pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, chagua "Constant Framerate", halafu ndiyo uiingize kwenye kuediti. Sauti itarudi mahali pake. Mwendo hautapona wote: kutoka 30 kwenda 25, fremu tano kila sekunde lazima zitupwe, na mtu akikatiza mbele ya kamera utaona anaruka.

Kinasa sauti kiweke 48 kHz, ndiyo lugha ya video. Ile 44.1 ilitoka kwenye CD za muziki. Programu nyingi zitaibadilisha zenyewe, lakini ya nini kujitafutia shughuli? Piga kofi mbele ya kamera kila mnapoanza, na klipu ikizidi dakika kumi piga jingine mwishoni. Makofi mawili yatakuonyesha sauti imeteleza kiasi gani. Ukichanganya 23.976 na 24, kwa mfano, kila saa moja inapishana kwa sekunde 3.6. Mdomo hausamehe hata robo sekunde.

Kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuediti, taimlaini inaanza na 24. Ibadilishe iwe 25 kabla hujaingiza klipu hata moja, kwa sababu ukishaingiza, kasi ya mradi inajifunga.

Kodeki, yaani namna za kubana video, nazo zina vituko vyake. H.264 ya biti 8 inafunguka karibu kila mahali. H.265 ya biti 10 ni nzuri kwa rangi na inabana faili, lakini laptopu ya kawaida itatafuta pumzi. Usiitupe laptopu: tengeneza proksi, nakala nyepesi za 720p kwa ProRes Proxy au DNxHR LB, editi kwa hizo, mwishoni rudisha klipu halisi ndipo urenda, yaani utoe faili la mwisho. Na kama unatumia Linux, ujue kwamba Resolve ya bure huko haifungui H.264, klipu zako zigeuze kwanza ziwe DNxHR.

Hesabu ya kadi ni rahisi na karibu kila mtu anaikosea. Kamera inaandika megabiti, kadi inauzwa kwa gigabaiti. Gawa kwa nane. Megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5, yaani gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya 64 inakupa saa moja na dakika ishirini hivi. Tafuta alama ya V30, maana yake kadi inaahidi kuandika megabaiti 30 kila sekunde bila kushuka. Feki zimejaa mitaani, zimeandikwa 128 kumbe ndani ni 16, basi kila kadi mpya ipitishe H2testw, programu ya kupima kadi, kwenye kompyuta kabla ya kuiamini. Na ukihamisha, kopi kadi nzima na mafolda yake yote. Kamera za zamani na kadi ndogo zinakata klipu kila ikifika gigabaiti 4, na ukichukua faili moja moja kwa macho utaacha kipande cha katikati.

Kutuma kwa mhariri kupitia WhatsApp? Tuma kama dokumenti, isiyozidi gigabaiti 2. Ukituma kama video, nitapokea uji.

Filamu itaonyeshwa wapi? Ulizia kabla ya kushuti. Televisheni ya kwetu, 25. YouTube, ileile uliyoshutia. Ukumbi wa sinema unataka DCP, kifurushi cha faili cha projekta za sinema, ambayo unaweza kuitengeneza kwa programu ya DCP-o-matic bila kulipa, na 24 ndiyo inayokubalika kila mahali. DCP ya 25 ipo pia, ila mpigie mwendesha projekta kwanza. Ikibidi kushuka kutoka 25 kwenda 24, filamu ya dakika 90 inakuwa 93 na sekunde 45, na sauti inakuwa nzito kidogo. Mwambie mtu wa sauti airudishe. Kama tangu mwanzo unajua mwisho wake ni ukumbini, shuti 24 yote, shata 1/50, yaishe.

Siku moja kabla ya kushuti, weka vyombo vyote mezani, vielekeze kwenye tyubu moja inayowaka, piga kofi, rekodi dakika moja. Hamisha, ingiza kwenye taimlaini, renda, chomeka flashi kwenye televisheni ya sebuleni uangalie ukuta na sikio lako liwe kwenye kofi. Haizidi saa moja. Mimi tyubu ya majaribio naazima duka la chini, na mwenye duka kanizoea: akiniona nashuka ngazi na kamera, anaanza kuifuta vumbi.