Kabla ya kununua mbao za baraza ya mlango wa nyuma

Wengi huanza na mbao. Mzigo unashushwa uani, ndipo futi inatafutwa. Mimi naanza na kizingiti cha mlango, maana vipimo vyote vinatoka hapo. Sakafu ya baraza ikae chini ya kizingiti kwa sentimita 5 hadi 10. Ukiisawazisha na sakafu ya ndani ili ipendeze, mvua ya upepo itakuingilia ndani. Mlango ukiwa unafungukia nje, ufungue mpaka mwisho uone unafagia wapi: mwenye sinia mikononi apate pa kurudi nyuma asiangukie ngazi.

Kagua na ardhi. Ukifunika chemba ya maji taka, acha mfuniko unaofunguka, la sivyo siku ikiziba utaibomoa kazi yako mwenyewe. Matundu ya hewa ya msingi yasizibwe. Kuhusu kibali, uliza kabla ya kuchimba.

Ngazi ndiyo inayoumbua mafundi. Kimo usikipimie ukutani, kipimie pale ngazi itakapotua, kwa kuwa ardhi huteremka. Tuseme umepata sentimita 68 mpaka juu ya sakafu iliyokamilika: gawa kwa 4, kila hatua ni 17, na hatua ya nne ni baraza yenyewe, kwa hiyo vidato, yaani mbao za kukanyagia, ni 3. Sasa mtego. Ukichonga mbao mbili za ubavuni, zinazobeba vidato, kwa 17 sawasawa, kisha ukapigilia juu yake vidato vyenye unene wa sentimita 4, hatua ya kwanza inakuwa 21 na ya mwisho 13. Mguu haupendi mshangao huo, hasa gizani. Dawa yake ni kukata sentimita 4 chini ya mbao za ubavuni kabla ya kuzisimamisha. Kidato kiwe na upana wa sentimita 28 hivi, kiatu kikae chote.

Boriti inayoshikana na ukuta ifungwe kwa bolti. Misumari peke yake huchomoka, na baraza nzima hufuata. Juu ya boriti hiyo pitisha bati jembamba la kumwaga maji nje. Nguzo zikae juu ya zege kwa kiatu cha chuma, yaani kishikio cha chini ya nguzo, zisifukiwe udongoni kumlisha mchwa. Boriti ndogo zinazobeba mbao za sakafu ziachane sentimita 40 kutoka katikati hadi katikati.

Kwenye orodha ya manunuzi usisahau skrubu. Dawa nyingi za mbao zina shaba, nayo hula chuma cha kawaida, hivyo chukua zilizopakwa zinki kwa kuchovywa au zisizoshika kutu. Ongeza kopo la dawa la kupaka kila ncha unayokata, kwani msumeno hufungua moyo wa mbao ambao dawa ya kiwandani haikuufikia.

Halafu shika ubao mmoja uupime uzito. Ukiwa mkavu, acha nafasi ya milimita 5 kati ya ubao na ubao. Ukiwa bado mzito kwa maji, zibananishe. Zitaachana zenyewe zikikauka.