Kiolezo cha panorama: kitengenezee kwenye mawe, kitumie majini

Panorama ya duara zima, yaani picha kadhaa zilizounganishwa kuonyesha pande zote, ikipigwa ufukweni Mwanza, nusu ya picha huwa ni maji na anga tu. Programu za kuunganisha, iwe Hugin ya bure au PTGui ya kulipia, hutafuta kitu kimoja kinachoonekana katika picha mbili jirani: kona ya dirisha, ufa wa jiwe. Majini hazipati kitu. Zikidhani zimepata, mara nyingi ni wimbi, nalo limeshahama kabla shata haijafyatuka tena. Dawa ni kiolezo: faili linalokumbuka kila picha ilielekea wapi na lenzi inapindisha mistari kiasi gani.

Hatua ya 1: Funga mitambo. Zima otomatiki zote: fokasi, mwanga, rangi. Pete ya fokasi ibandike selotepu. Kisha sogeza kamera kwenye reli ya kichwa cha panorama (kifaa cha juu ya stendi kinachozungusha kamera kwa vijino, yaani vituo vya pembe maalumu) hadi vitu viwili, nondo ya dirisha la karibu nawe na mnara wa simu wa mbali, visiachane unapozungusha. Andika namba za reli. Kwa lenzi ya fishai (inayoona upana mkubwa sana) ya milimita 8 kwenye kamera ya sensa ya APS-C, ndogo kuliko ile ya fremu kamili, mimi hupiga picha 6, moja kila nyuzi 60, na ya saba juu angani.

Hatua ya 2: Piga seti mama, yaani picha zitakazotengeneza kiolezo. Hapa jiji la miamba linakubeba. Nenda Capri Point au mtaa wowote wa mlimani, simama mahali penye mawe na nyumba pande zote, wakati hakuna upepo wa kutikisa miti. Sawazisha stendi kwa pima maji. Anzia sifuri ya kichwa, zunguka kulia, malizia na anga. Mpangilio huu usiubadilishe tena, maana kiolezo hakijui picha ina nini. Kinajua tu ni ya ngapi.

Hatua ya 3: Unganisha na uhifadhi. Acha programu itafute pointi za pamoja, futa zilizoangukia mawingu na majani, ipige hesabu ya mielekeo na ya lenzi, kisha nyoosha kwa kuta na nguzo zilizosimama wima. Mishono, pale picha zinapokutana, ikikaa vizuri, hifadhi. Kwenye Hugin, faili lenyewe la mradi ndilo kiolezo.

Hatua ya 4: Shuka ziwani. Tuseme unataka Jiwe la Bismarck, mwamba maarufu wa ziwani Mwanza, mitumbwi na maji yote ya mbele. Mchangani, weka mbao chini ya miguu ya stendi. Stendi ikiwa imeinama tangu mwanzo si neno, utainyoosha baadaye kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kiolezo hushughulika na pembe kati ya picha na picha. Mguu ukizama katikati ya mzunguko ndipo kazi imeharibika, rudia yote.

Mtumbwi au kivuko kikikatiza kwenye mshono, usihangaike. Kaa kwenye kijino kilekile, kisubiri kipite, piga tena. Nyumbani utachagua moja kati ya hizo mbili na kuiweka kwenye nafasi ileile. Kwangu hii ndiyo faida kubwa ya kiolezo kuliko zote, na watu wachache huitumia.

Hatua ya 5: Tumia kiolezo. Pakia picha 7 kwa mpangilio uleule, fungua menyu ya faili, chagua amri ya kutumia kiolezo. Idadi lazima ilingane. Usiitume programu itafute pointi upya majini, na hesabu ya lenzi usiiguse kabisa. Geuza panorama nzima hadi nguzo zisimame, kisha toa picha ya mwisho.

Ukibadili lenzi, fokasi au namba za reli, rudi hatua ya 2. Picha ya chini ya stendi, kama unaipiga kwa mkono, iache nje ya kiolezo na uiunganishe mwishoni: mkono hauna vijino.