Ukisalitiwa, msome Yusufu polepole

Anayeumizwa na mtu wake wa karibu hupewa haraka Mwanzo 50:20, maneno ya Yusufu kwa ndugu zake waliomuuza: "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Aya ni ya kweli, ila hesabu miaka kwanza. Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30. Ikapita 7 ya shibe na 2 ya njaa ndipo akajitambulisha kwa ndugu zake. Yakobo akaishi Misri miaka 17, akafa, na hapo ndipo maneno hayo yakasemwa. Tangu shimo la Dothani ni kama miaka 39. Usijilazimishe kuyasema wiki ya kwanza.

Anza na kilio. Soma Zaburi 55 kwa sauti, hasa aya ya 12 hadi 14: angekuwa adui angevumilika, lakini ni rafiki mliyekwenda naye nyumbani mwa Mungu. Kikulacho ki nguoni mwako. Vyumba vya kupanga vimebanana na jirani anasikia kila kitu. Ukiona haya, nenda pwani maji yakitoka. Kisha Zaburi 88, inayoishia gizani. Nayo ni sala, ingawa wahubiri huikwepa.

Sasa chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika alichofanya mtu, bila kukipamba: amekula fedha ya mwani, amenisingizia kwa wazee. Usiandike "Mungu alitaka nidhulumiwe". Yusufu hakuwaambia nduguze hivyo, alisema walikusudia mabaya. Upande wa kulia, wa alichokusudia Mungu, acha wazi. Kosa kubwa ni kuujaza upande huu mapema, kwa kuwa watu wanauliza Mungu anakufundisha nini, na mtu anabuni jibu ili aonekane ana imani. Jibu la kubuni huporomoka shida ya pili ikija.

Kila jioni soma sehemu moja ya Mwanzo: sura ya 37, 39, 40, 41, kisha 42 hadi 44 kwa pamoja, 45 na 50. Sura ya 38 wengi huiruka. Isome, inamhusu Yuda, na Yuda ndiye aliyetoa shauri la kumuuza ndugu yake. Katika sura ya 39 pigia mstari "Bwana alikuwa pamoja na Yusufu": imo mwanzoni akiwa mtumwa, na tena akiwa gerezani. Kuwapo kwa Mungu hakukumfungulia mlango siku hiyo.

Sura ya 40 ina jambo ambalo waumini wengi hulikosa. Yusufu alimwomba mnyweshaji wa Farao, aliyefungwa pamoja naye, amtaje kwa Farao. Kutafuta msaada si kukosa imani. Kwa hiyo, hapa Zanzibar, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wako, na karatasi zako na mashahidi. Aliyekukosea akiwa wa kanisa lako, fuata Mathayo 18: peke yako kwanza, halafu na mmoja au wawili, halafu kanisa. Ila kipigo au udhalilishaji wa mtoto hauanzii hapo. Ni Dawati la Jinsia polisi, au Mkono kwa Mkono, kituo cha kuwasaidia waliodhalilishwa, Hospitali ya Mnazi Mmoja. Mchungaji anayekuambia unyamaze ili kanisa lisiaibike asikuzuie.

Ukiwa Mjini Unguja, pita Mkunazini. Kanisa Kuu la Anglikana lilijengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Ndani altare ipo, na nje zipo sanamu za watumwa ndani ya shimo, minyororo shingoni. Ibada ya ndani haikuugeuza mnada kuwa wema.

Msamaha na uaminifu usivichanganye. Yusufu alimshika nduguye Simeoni, akaficha kikombe guniani mwa Benyamini, akatazama. Hakujifunua mpaka Yuda alipojitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake (44:33). Angalia jambo kama hilo: mtu anakubali hasara yake mwenyewe, si machozi tu. Katika kikundi cha kuweka na kukopa, kisanduku kikiwa na kufuli 3 na funguo kwa watu 3, aliyekula fedha anaweza kurudi kuweka hisa baada ya kulipa. Ufunguo asishike kwa mzunguko mzima, na hesabu isomwe mbele ya wote.