Kubandika Seli za Sola kwenye Kioo kwa Filamu ya EVA Bila Mapovu

Juzi kijana mmoja aliniletea paneli ndogo aliyoiunda mwenyewe. Seli zimepangwa vizuri, risasi imeshika, lakini chini ya kioo mapovu yametapakaa kama mtama uliomwagika. Paneli zangu nne za kwanza ziliharibika vivyo hivyo, kwa hiyo tulishinda karakana tukaifanya nyingine tangu mwanzo. EVA ni ile plastiki nyembamba inayolainika kwa joto na kuzishikisha seli kwenye kioo.

1. Kioo. Chukua kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto. Osha kwa sabuni, kausha, kisha futa kwa alkoholi ya isopropili. Ile spiriti ya zambarau ya kuwashia jiko iache, inabakiza utando. Upande wenye chembechembe ndio unaokutana na filamu. Ukishafuta usiguse: penye mafuta ya kidole ndipo patakapobanduka.

2. Filamu. Kata EVA izidi kioo kwa sentimita moja kila upande, maana hunywea ikipata joto. Roli iliyobaki ifunge vizuri uiweke mbali na jua na unyevu. Ndani yake mna dawa ya kuikomaza, yaani kuifanya ishikane isiyeyuke tena, na dawa ya kuishikisha na kioo, na zote hupungua roli ikikaa wazi.

3. Kupanga. Kioo, EVA, seli kifudifudi, EVA, karatasi ya nyuma. Zungushia kitambaa cha tefloni, ambacho EVA haigandi nacho, tia kwenye mfuko wa kuhimili joto.

4. Hewa kwanza, joto baadaye. Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima. Nilikuwa nawasha pampu ya kutoa hewa ndani ya mfuko na oveni kwa pamoja. EVA huanza kulainika kwenye nyuzi 70 hivi, na ikilainika pembeni inaziba njia ya hewa iliyoko katikati. Pampu inaendelea kunguruma, wewe unadhani inanyonya, kumbe hewa imeshafungiwa.

Washa pampu oveni ikiwa baridi. Subiri dakika 10, na angalia geji: ukifunga vali sindano ikarudi, mfuko unavuja. Usiendelee, tafuta tundu. Mara nyingi liko pale nyaya zinapotokea.

Sasa pandisha joto hadi 80, tulia hapo dakika kadhaa, ndipo uende 145 hadi 150. Ukikimbiza joto, dawa ya kukomaza yenyewe hutoa gesi kwa haraka na mapovu yanarudi hata kama hewa uliitoa yote. Kaa kwenye joto hilo kwa muda ulioandikwa na kiwanda cha filamu yako. Yangu inataka dakika 15, nyingine ni tofauti.

Usiamini kitufe cha oveni. Kipimajoto cha waya kilichobandikwa kwenye kioo chenyewe ndicho kifaa ambacho nisingekubali kufanya kazi bila hicho. Siku moja huko nyuma oveni ilisema 150, kioo kilikuwa 128. EVA ilionekana safi kabisa, inang'aa, lakini haikuwa imekomaa.

Zima moto, pampu iache iendelee mpaka kioo kishuke chini ya 60. Fungua madirisha, harufu yake inakereketa koo, na oveni hiyo isipikiwe chakula tena.

5. Kukagua. Kila mara naoka pembeni kipande cha filamu juu ya kioo chakavu, ncha moja nimeikinga kwa tefloni. Kesho yake naivuta ncha hiyo kwa koleo. Ikitoka kama stika, joto halikutosha. Cha kijana kilikatika mkononi, na kilichobaki hakikubanduka hata kwa wembe.