Kujiandaa na shoo ya kwanza: mwongozo kwa mpiga besi anayeanza

Kijana akinijia kuuliza habari za besi, mara nyingi swali lake la kwanza ni ampu: anunue ya wati ngapi? Mimi humuuliza nyuzi zake alibadilisha lini, na kama amewahi kukaa peke yake na mpiga drams wa bendi yake. Nimepiga besi kwenye kwaya, kwenye harusi na kwenye kumbi za Dar es Salaam kwa miaka mingi, na nimeona shoo nyingi zikiharibikia kwenye waya wa shilingi elfu chache au kwenye nyimbo ambazo hazikufanyiwa mazoezi. Shoo iliyokufa kwa sababu ampu ilikuwa ndogo ni chache mno. Kwa hiyo nitakupitisha kwa mpangilio ninaouamini.

Hatua ya 1: Pata gitaa zima, hata kama limetumika

Anza na nyuzi nne: E, A, D na G. Magitaa mengi ya besi yana urefu wa uzi wa inchi 34, karibu sentimita 86, kutoka nati ya juu (kile kijibao chenye mifereji karibu na kichwa cha gitaa) hadi briji (chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi). Ni kipimo kilekile Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, alichokitumia kwenye besi yake ya Precision Bass mwaka 1951. Kama mkono wako ni mdogo, yapo mafupi ya inchi 30, na hayana aibu yoyote.

Nyuzi tano zina faida yake kanisani. Kwaya zinaimba sana kwenye E-flat na D, na mpiga kinanda anaweza kuhamisha ufunguo kwa kubonyeza kitufe kimoja, wewe ukabaki unatafuta noti ya chini ambayo gitaa lako halina. Lakini ule uzi wa tano, B, unatoa mtikisiko wa hertz 31 hivi, na spika nyingi za kumbi zetu haziufikishi kwa watu. Jifunze nne kwanza.

Ukienda kununua la mkononi, usianze kwa kupiga madoido uliyoyazoea. Weka jicho usawa wa kichwa cha gitaa, utazame shingo hadi kwenye briji uone kama imejipinda upande. Piga freti moja moja (vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni) kwenye kila uzi, bila kuruka hata moja. Zungusha vitufe vya voliumu na toni. Vikikwaruza ni vumbi, linasafishika. Kisha chomeka jeki uitikise kidogo. Sauti ikikatika-katika, soketi ya jeki imelegea. Hilo fundi wa redio analitengeneza kwa dakika kumi, ila litumie kushusha bei.

Hatua ya 2: Lirekebishe kabla hujalilaumu

Hapa usiwe na haraka. Gitaa la bei ya chini lililorekebishwa vizuri hulishinda la bei kubwa lililotoka dukani na kwenda jukwaani moja kwa moja.

Tyuni kwanza. Kisha bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba. Inatakiwa upenyo mwembamba, kama unene wa kadi ya jina. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imepinda mno kufuata nyuzi. Kikikosekana kabisa kinafasi, imenyooka kupita kiasi na nyuzi zitalia zzz kwenye freti za mwanzo. Ndani ya shingo kuna chuma kinachorekebishwa kwa alenki: ukikaza, shingo inanyooka; ukilegeza, inapinda kidogo. Zungusha robo mzunguko tu, tyuni tena, subiri, kisha pima upya. Alenki ikigoma usitumie nguvu, mpelekee fundi. Mbao inahisi hali ya hewa: gitaa lililotulia Tanga linaweza kubadilika ukikaa nalo Dodoma wiki mbili.

Ukishamaliza shingo, pima nafasi kati ya nyuzi na freti ya 12. Milimita 2 hadi 2.5 inawafaa wengi. Anayepiga kwa nguvu aziinue kidogo.

Mwisho wa yote, usahihi wa noti. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubana, upate ile sauti ya kengele, kisha ubane palepale upige. Tyuna ionyeshe noti ileile. Noti iliyobanwa ikiwa juu, rudisha nyuma kile kijitandiko cha uzi kwenye briji. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Programu ya bure kwenye simu inatosha kwa kazi hii.

Kuhusu nyuzi zenyewe, za unene wa 45 hadi 105 (ni sehemu za elfu za inchi) zinapatikana kirahisi na zinafaa karibu kila muziki. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani na jasho mikononi. Nyuzi zinapata kutu na kufifia mapema. Zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga, hata kama ulipiga wimbo mmoja. Zikifa na huna pesa, zichemshe kwenye maji safi dakika kama kumi, uzikaushe kabisa, uzirudishe. Zitang'aa kwa siku chache, na siku chache zinatosha kukuvusha kwenye shoo ya Jumamosi. Kuna pia nyuzi bapa, laini kwa kugusa, zinazodumu miaka. James Jamerson, aliyepiga besi nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit miaka ya 1960, alitumia za aina hiyo, na mkono wake wa kulia ulifanya kazi kwa kidole kimoja tu cha shahada. Sikiliza kazi ile, kisha urudi kuniambia unahitaji besi mpya.

Hatua ya 3: Ampu, na jambo moja kuhusu wati

Kuongeza wati mara mbili, tuseme kutoka 100 hadi 200, kunakupa desibeli 3 tu. Sikio linaona tofauti ndogo. Ili ukumbi usikie besi yako imekuwa kubwa maradufu, unahitaji nguvu mara kumi hivi. Basi usikope ili kupanda kutoka 100 hadi 150.

Nyumbani, ampu ndogo ya wati 15 hadi 30 yenye tundu la hedifoni inatosha, na majirani watakushukuru. Kwa jukwaani, nunua DI boksi. Ni kijiboksi kinachopokea waya wa gitaa lako na kupeleka sauti kwenye mixa ya ukumbi kupitia waya wa maikrofoni. Ukiwa nacho, spika kubwa za ukumbi zinakuwa zako, na ampu yako inabaki kukusaidia wewe na mpiga drams kujisikia.

Ukitumia ampu ya kichwa, ile isiyo na spika ndani yake, na spika ikawa kando, waya unaoviunganisha uwe wa spika, mnene. Waya wa gitaa usiutumie pale, unaweza kupata moto na kuua ampu. Na ukiunga spika mbili za omu 8, ampu inaona omu 4. Soma nyuma ya ampu uone kama inaruhusu.

Hatua ya 4: Begi dogo

Weka humu: waya mbili za gitaa (nasema mbili), tyuna, seti ya nyuzi, DI boksi, ekstensheni, tochi ndogo, tepu, alenki, kitambaa, na kama besi yako ni ya betri, betri mbili mpya za volti 9.

Hilo la betri nililijifunzia kwenye harusi moja Mbagala. Maharusi wameingia, tumefika kwenye sebene, kina mama wa kamati wameshatoka na vitenge vyao kwenda kutunza. Besi yangu ikaanza kukoroma, kama mtu anayezungumza ndani ya debe. Nikaongeza voliumu, ikazidi. Baada ya baa chache ikawa kimya kabisa. Nilikuwa nimeacha jeki imechomekwa tangu mazoezi ya Alhamisi, na kwenye magitaa ya betri jeki ndiyo swichi: ikiwa ndani, betri inaliwa usiku na mchana. Niliona mabega ya wachezaji yakipungua mwendo, ingawa solo na rizimu vilikuwa bado vinapiga. Hawakujua kilichokosekana, lakini miili yao ilijua. Tangu siku ile jeki inatoka nikimaliza tu, na betri naibadilisha kabla ya shoo, si baada ya kuanza kukoroma.

Hatua ya 5: Kaa na mpiga drams, nyinyi wawili tu

Saa moja na mpiga drams bila mtu mwingine ina thamani kuliko mazoezi matatu ya bendi nzima. Mwambie apige kiki (ngoma kubwa ya mguu) na hai-hati (yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) tu, polepole. Wewe piga noti ya msingi ya kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), na usikilize kama kiki na kidole chako vinatua pamoja. Vikitua sawasawa, utahisi kama kiki imepata noti. Msiongeze chochote hadi hapo.

Kwenye rumba na dansi, kazi kubwa ni kuacha mapengo. Sikiliza rekodi za Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanza mwaka 1978, ufuate besi peke yake: inasema maneno machache, inanyamaza, inarudi. Anayeanza huogopa ukimya ule akaujaza noti, na sebene linakuwa zito.

Rekodi mazoezi kwa simu, lakini yasikilize kwa hedifoni. E ya chini ni hertz 41, na kispika cha simu hakiwezi kuitoa. Utadhani hukupiga.

Hatua ya 6: Patana kabla ya siku

Muulize aliyekuita: vyombo analeta nani? Kuna mixa yenye nafasi ya besi? Tunaanza saa ngapi, tunamaliza saa ngapi, nauli ya kurudi usiku iko ndani ya malipo au nje? Omba advansi. Mkishaelewana kwa mdomo, mtumie ujumbe mfupi wa kuyarudia yale mliyokubaliana, naye ajibu. Si kwa sababu ya kutomwamini mtu. Kamati ya harusi ina mambo mia, na aliyeahidi leo siku yenyewe anaweza kuwa anashughulikia chakula.

Hatua ya 7: Kabla ya watu kuingia

Fika mapema. Mtafute fundi mitambo, msalimie, mwulize jina, mwambie una DI yako. Yeye ndiye atakayekushika usiku mzima.

Kabla ya kuchomeka chochote, pima soketi. Kumbi nyingi hazina ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini) inayofanya kazi, na hilo ni hatari kwako kuliko kwa ampu: mkono uko kwenye nyuzi, mdomo ukigusa maikrofoni, umeme unapita kati. Ukihisi hata mtekenyo mdogo, acha, mwite fundi umeme. Usikate kamwe mguu wa ethi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Kama mvumo upo, bonyeza kwanza kile kitufe cha kutenga ethi kwenye DI, kwani hicho kinagusa njia ya sauti tu. Ukiendelea, ampu yako na mixa zilishwe umeme kutoka soketi moja. Utaujua mvumo wa umeme kwa sikio: umeme wetu ni hertz 50, na G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E ni hertz 49. Ukisikia kama mtu ameishikilia G ile na hataki kuiachia, ndio huo.

Simama upande wa hai-hati, uone mguu wa mpiga drams. Weka toni zote katikati. Kisha mwombe mwenzako apige noti chache, wewe ushuke ukasikilize katikati ya ukumbi. Kumbi zetu nyingi ni kuta za tofali na paa la bati. Besi inarudi na kuvimba. Usiongeze besi. Punguza kidogo eneo la hertz 200 hadi 250, na sogeza ampu mbali na kona, kwa sababu kona huikuza sauti ya chini. Ukitaka usikike zaidi, ongeza kati, karibu na hertz 700 au 800. Ukiwa peke yako itaonekana kama ina pua, lakini magitaa mengine yakiingia utasikika bila kumfunika mwimbaji.

Hatua ya 8: Jukwaani, na baada ya hapo

Ukikosea noti, usisimame na usikunje uso. Teleza freti moja juu au chini, mara nyingi iliyo sahihi iko jirani. Macho yawe kwa mwimbaji na mpiga solo, maana ishara ya kuingia sebene inatolewa kwa kichwa, na asiyeiona ni yule anayetazama vidole vyake. Weka vizibo vya masikio kama umesimama karibu na matoazi; mlio unaobaki sikioni hadi asubuhi ni dalili ya madhara.

Muziki ukiisha, chomoa jeki kwanza. Futa nyuzi, uzi mmoja mmoja, juu na chini. Usizilegeze, shingo inapenda mvuto uleule. Kunja waya kwa duara kubwa bila kuzungusha kwenye kiwiko. Mshukuru fundi mitambo kwa jina. Kisha hesabu begi kwa tochi: waya mbili, DI, tyuna, ekstensheni. Ekstensheni ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu hubaki imechomekwa nyuma ya jukwaa ikitumiwa na mtu mwingine kuchaji simu.