Mpira Ukikimbilia Kushoto, Kagua Fimbo Kwanza

Kabla hujailaumu mikono yako, geuza fimbo yako ya gofu uitazame tumboni, chini ya kichwa chake. Hilo ndilo neno la kwanza ninalomwambia kila anayeniletea fimbo kibandani kwangu hapa Mafinga, na wengi hucheka wakidhani nataka kuwauzia nyingine. Mimi nilianza kama kedi kule Mufindi, uwanja ukiwa katikati ya chai, nikabeba mabegi ya watu miaka mingi kabla sijajifunza kubadilisha gripu, ile mipira ya kushikia, na kupinda shingo za aironi, fimbo za kichwa chembamba cha chuma. Huki, yaani mpira kujikunja kushoto, nimeziona za kila aina. Mpira unatoka vizuri, mwenyewe anaanza kutabasamu, halafu unajikunja kushoto kama mbuzi aliyeona mahindi ya jirani, unazama kwenye chai. Mipira tuliyoitafuta mle na umande wa asubuhi, suruali zimelowa hadi mapajani, ningeihifadhi leo ningekuwa na duka.

Nazungumza na anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze maelekezo.

Mpira huanza safari kuelekea kule uso wa fimbo, sehemu inayogonga mpira, ulikotazama wakati wa kugonga. Kupinda kwake kunatokana na kitu kingine: tofauti kati ya uso huo na njia fimbo inayopita. Uso ukitazama kushoto kuliko njia, mpira unazunguka kwenda kushoto. Kwa hiyo swali ni moja tu: nani ameufunga huo uso, yaani kuugeuzia kushoto, wewe au kiwanda?

Viwanda vinajua kwamba anayeanza gofu, mara nyingi, ugonjwa wake ni slaisi, mpira unakimbilia kulia. Basi fimbo za wanaoanza hutengenezwa zikiwa na dawa ya slaisi ndani yake. Shingo inasogezwa mbele ili uso ubaki nyuma kidogo na upate muda wa kujifunga. Uzito unawekwa upande wa kisigino cha kichwa, karibu na shafti, yaani mpini, ili ncha ya upande wa pili igeuke upesi. Draiva nyingine, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, uso wake umefungwa tangu dukani. Iweke chini uishike kwa kulegea utauona unatazama kushoto. Ukiwa na huki halafu ukanunua fimbo hiyo ya mtumba kwa sababu bei ilikuwa nzuri, umemeza dawa ya ugonjwa wa mwenzako. Tazama tumboni: herufi D peke yake, au neno "Draw", ndiyo hiyo. Na kama draiva yako ina shingo ya kurekebishwa kwa ufunguo, kumbuka kwamba kuongeza digrii za loft, yaani mlalo wa uso, kwa kawaida kunafunga uso pia. Mwenye huki apunguze.

Aironi zina ujanja wao. Chukua weji, aironi fupi yenye uso uliolala sana, tafuna bigijii, bandika njiti ya kiberiti katikati ya uso isimame wima kama msumari. Weka fimbo chini sawasawa, njiti itaelekea unakolenga. Sasa inua ncha ya kichwa kidogo, kisigino kibaki chini. Njiti imehamia kushoto, na hukuugusa uso kabisa. Rudia kwa aironi namba 3, ambayo ni ndefu na uso wake haujalala sana, utaona inahama kidogo mno. Fimbo ambayo shafti yake imesimama wima kupita kimo chako inakufanyia hivyo kila pigo, na kadiri uso ulivyolala ndivyo madhara yanavyozidi. Ukiona aironi fupi ndizo zinazokwenda kushoto huku ndefu zikinyooka, usiguse swingi yako, yaani jinsi unavyozungusha fimbo. Bandika utepe chini ya fimbo, piga mpira juu ya ubao, uangalie mkwaruzo. Mkwaruzo ukiwa upande wa kisigino, fimbo imesimama mno, ipelekwe kwa fundi shingo yake ilazwe digrii moja au mbili. Za kufuliwa huwa zinapinda kirahisi. Za kumiminwa zinaweza kukatika, hivyo usijaribu kwenye vaisi ya nyumbani. Mimi ninayo yangu niliyoivunja, naitumia kukokea moto.

Shafti laini mno kwa mtu mwenye kasi nayo huchangia, ila hiyo si ya kuanzia.

Sasa draiva na chaki. Paka uso wote chaki ya ubaoni, piga mpira mmoja, tazama alama. Ikiwa kwenye ncha, huki yako inaweza kuwa imetoka hapo. Kichwa cha draiva ni kinene na uzito wake uko nyuma ya uso, kwa hiyo ukigonga kwa ncha kichwa kinajipinda kufunguka, na mpira unasukumwa kuzunguka kinyume chake kama gia mbili zinavyosagana. Ndiyo maana uso wa draiva una kitambi kuanzia kisigino hadi ncha: mpira uanzie kulia, huki iurudishe. Dawa ni kusogelea mpira kidogo na kutojirudisha nyuma kwenye visigino vya miguu.

Fimbo ikishaonekana haina kosa, ndipo tuje kwako.

Anza na mkono wa kushoto. Shika fimbo, tazama chini, hesabu vifundo vya vidole unavyoviona. Viwili vinatosha. Ukiona vitatu na cha nne kinachungulia, na kiganja cha kulia kimeingia chini kama unainua ndoo, mikono itarudi mahali pake pa asili wakati wa kugonga na kuufunga uso. Zungushia mikono yote miwili kushoto kidogo juu ya gripu. Nasema kuzungusha, kukaza au kulegeza ni jambo jingine. Ben Hogan wa Marekani, aliyeshinda US Open, mashindano makubwa ya gofu, mara 4 kati ya 1948 na 1953, aliteswa na huki miaka yake ya mwanzo, na kuuhamisha mkono wa kushoto hivyo ilikuwa sehemu ya dawa yake. Siku mbili za kwanza mipira itakwenda kulia na utanitukana. Vumilia.

Kosa la pili ni la woga. Mpira unakwenda kushoto, basi unalenga kulia. Ukilenga kulia, fimbo inapita kuelekea kulia zaidi, uso unabaki ukitazama kushoto kuliko njia, huki inakua, kesho yake unalenga kulia zaidi. Nimewaona watu wamefika hadi kuupa uwanja mgongo. Lenga sawa, mpira usiwe nyuma sana kwenye mguu wa kulia, kisha weka chupa tupu ya maji hatua moja mbele ya mpira, kiganja kimoja upande wa mbali nawe. Fimbo ikiipiga chupa, bado unatupia nje. Na maliza pigo ukiwa umegeuka, bakoli ya mkanda ikitazama unakolenga. Kiuno kikisimama njiani, viganja ndivyo vitakavyojipindua.

Vilima vyetu navyo vina lao. Mpira ukiwa juu kuliko miguu yako utaelekea kushoto hata kwa bingwa. Shika fimbo chini kidogo, lenga kulia, hapo ndipo panaporuhusiwa. Na ukishuka Dar kucheza, usishangae huki ikikua. Hewa ya Mufindi ni nyepesi, mpira unapinda kidogo. Ya pwani ni nzito na inaupinda zaidi.

Kuna bwana mmoja mfanyabiashara ya mbao alinijia baada ya wiki tatu za kupigana na mshiko wake. Nikaigeuza draiva tumboni: D. Aliitazama muda mrefu bila kusema kitu. Akampa shemeji yake, mtu wa slaisi. Shemeji mpaka leo hajairudisha.